“Almost”: kukaribia bila kufika

Alfajiri ya Mei 6, 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza nchini Italia, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2 na sekunde 25. Alikuwa amekusudia kushuka chini ya saa 2, jambo ambalo hadi siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa ameliweza kwa umbali huo. Kwa Kiingereza, kilichotokea kinaelezwa kwa neno moja: “almost”. Nusura aweze. Miaka miwili baadaye, Oktoba 12, 2019, Mkenya huyo alikwenda Vienna, Austria, akazimaliza kilomita zilezile kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Je, kati ya mbio hizo mbili, ni zipi zilizochukua “almost two hours”?

Akiulizwa kuhusu muda, Mwingereza atazitaja za Vienna. Muda huhesabiwa kutoka sifuri kwenda juu, na hesabu ya Vienna ilisimama sekunde 20 kabla ya kugonga saa 2. Ile ya Monza ilikuwa imeshapita kwa sekunde 25, kwa hiyo “almost” haikai hapo. Lakini akiulizwa ni lini Kipchoge alikaribia kuvunja mpaka wa saa 2 bila kuuvunja, atazitaja za Monza, maana mkimbiaji anayeiwinda rekodi huuendea mpaka kutoka juu akishuka. Kule Monza aliukaribia asiufikie. Vienna aliupita, na “almost” ikakosa kazi. Neno ni lilelile na mpaka ni uleule. Kilichobadilika ni upande anaotokea mtu.

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huambiwa mapema kwamba “almost” maana yake ni “karibu”, kisha somo huendelea. Jibu hilo si kosa, ila linaacha nje nusu ya neno. “Almost” huambatana na madai mawili: kwamba kitu kimesogea jirani kabisa na mpaka, na kwamba hakijauvuka. Anayelisahau dai la pili huandika habari zisizo sahihi, hutafsiri vibaya, na wakati mwingine hupoteza fedha. Ndiyo maana maneno haya madogo ya kukadiria, yanayopitwa upesi na macho ya msomaji, yamewashughulisha wanaisimu, mabenki, mahakama, majasusi na wanahisabati.

Mzee aliyenusurika

Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba mzee fulani “almost died”, msikilizaji huondoka na taarifa mbili. Ya kwanza ni kwamba kifo kilikuwa jirani. Ya pili ni kwamba mzee hakufa. Wanaisimu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu hadhi ya taarifa hiyo ya pili. Mwaka 1981 Jerrold Sadock, mwanaisimu wa Marekani, alitoa hoja kwamba neno lenyewe husema habari ya ukaribu tu. Kwamba tukio halikutokea, alisema, msikilizaji hujikisia mwenyewe: kama mzee angekuwa amekufa, msemaji angesema waziwazi kuwa amekufa. Wengine walimpinga. Kwao, kutokufa kumo ndani ya neno lenyewe, na anayelitumia kuhusu mtu aliyefariki katika tukio hilohilo amesema uongo.

Laurence Horn wa Chuo Kikuu cha Yale alitafuta njia ya katikati. Kwake, taarifa ya pili ni ya lazima, ila imelala. Uzito wa usemi umewekwa kwenye ukaribu. Msomaji anaweza kulipima jambo hilo kwa Kiswahili chake mwenyewe. Tamka: “Kwa bahati mbaya, nusura afe.” Sentensi inapita. Kisha tamka: “Kwa bahati nzuri, nusura afe.” Sikio linakataa, ingawa kutokufa ndiko kulikokuwa bahati nzuri. Sababu ni kwamba anayesema hivyo anatangaza jinsi hatari ilivyokuwa jirani. Usalama wa mzee unajulikana, lakini haukuwa hoja ya sentensi.

Kinyume cha neno hilo ni “barely”. Mtahiniwa ambaye “almost passed” amefeli. Ambaye “barely passed” amefaulu kwa taabu. Wote wawili alama zao ziko jirani na mstari wa kufaulu, mmoja chini yake kidogo na mwingine juu yake kidogo. Kwa Kiswahili wa kwanza tungesema nusura afaulu, na wa pili tungesema ameponea chupuchupu. Mwanafunzi anayeyachanganya maneno hayo kwenye insha ya Kiingereza humtoa mtu darasani au kumrudisha kwa kubadili neno moja.

Yalikotoka

Katika Kiingereza cha kale neno hili liliundwa kwa kuunga mawili: “eall”, yaani yote, na “mæst”, yaani sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Mwanzoni lilimaanisha jambo linalohusu sehemu kubwa ya kitu. Polepole macho ya wasemaji yakahamia kwenye kile kipande kidogo kilichosalia, hadi maana ikawa: kimebaki kidogo tu kukamilika.

“Nearly” lina ukoo mwingine. Limetoka kwenye “near”, ambalo zamani lilikuwa umbo la kulinganisha lenye maana ya karibu zaidi; “next” ni ndugu yake, likimaanisha kilicho karibu kuliko vyote. “Approximately” limeingia kutoka Kilatini, ambako “proximus” pia ni kilicho karibu kuliko vyote. Kiswahili nacho kilifuata wazo hilohilo la umbali: “karibu” na “takriban” ni ndugu, yote mawili yakitokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukaribia. Mwenyeji anayemwambia mgeni “karibu ndani” na mwandishi anayeandika “takriban watu 50” wamechota kisima kimoja.

“About” liko peke yake. Umbo lake la kale, “onbutan”, lilimaanisha kwa nje, pande zote, kuzunguka. Asili hiyo bado inaonekana leo katika jinsi linavyotumika pamoja na namba.

Upande mmoja au pande zote

Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Kwa Kiingereza ni sahihi kusema “about 40,000”, kwa sababu “about” huizunguka namba kutoka chini na kutoka juu. Ni kosa kusema “almost 40,000”, maana kilomita 75 zimeshazidi. Mwanga, kwa upande wake, husafiri kilomita 299,792.458 kwa sekunde. Hapo “almost 300,000” ni sahihi kabisa, tena inasema mengi kuliko “about 300,000”: inamjulisha msomaji kwamba namba halisi iko chini. Kilimanjaro yenye mita 5,895 ni “almost 5,900”. Haiwezi kuwa “almost 5,800”, ingawa mtu anayetaka kukadiria kwa ulegevu anaweza kutamka “about 5,800” bila kulaumiwa sana.

Kwa hiyo maneno ya Kiingereza ya kukadiria yamegawanyika katika makundi. “About”, “around”, “roughly” na “approximately” huruhusu pande zote mbili. Hata “some” lililowekwa mbele ya namba, kama katika “some 200 people”, limo katika kundi hilo. “Almost”, “nearly” na “close to” husimama kwa kawaida upande wa chini wa namba. “Over” na “more than” husimama upande wa juu, na “just over” hukaa juu lakini jirani.

Upande huo wa chini hutokana na jinsi tunavyohesabu vitu vingi, tukianza na vichache na kupanda. Hesabu ikishuka, “almost” nayo hugeuka. Maji yanayopozwa yakifika nyuzi 1 ya Selsiasi ni “almost zero”, kwa sababu yanaiendea sifuri kutoka juu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kipchoge kule Monza.

Namba yenyewe pia huchangia maana. Wasikilizaji huzichukulia namba zenye sifuri nyingi mwishoni kuwa makadirio hata bila neno lolote la kukadiria. Atakayesikia kwamba mji uko kilomita 1,000 hatashangaa akipima akakuta 985; atakayesikia kilomita 1,003 atatarajia 1,003. Kuhusu Mlima Everest, husimuliwa kwamba wapimaji wa Kiingereza nchini India, wakiongozwa na Andrew Waugh, walipata wastani wa futi 29,000 kamili katika hesabu zao za karne ya 19. Kwa kuhofia kwamba dunia ingeidhani namba hiyo ni ya kukisia, waliongeza futi 2. Urefu uliotangazwa mwaka 1856 ulikuwa futi 29,002.

Kanuni hiyo huonyesha kosa moja linalojirudia kwenye magazeti ya lugha zote, Kiswahili kikiwamo: kuandika “takriban watu 1,247”. Namba iliyohesabiwa hadi mtu wa mwisho haihitaji “takriban”, na makadirio hayawezi kuwa na mtu wa 1,247. Mwandishi achague moja.

“Almost” na “nearly”

Maneno haya mawili hubadilishana nafasi mara nyingi. “Almost finished” na “nearly finished” ni kitu kimoja, na wote wanaosema “almost 50” na “nearly 50” wanamaanisha chini kidogo ya 50. Kuna tofauti, hata hivyo, ambazo wasemaji wazawa huzifuata bila kufundishwa na ambazo mwanafunzi hana budi kuzijua.

Mbele ya maneno ya kukanusha, Kiingereza hupenda “almost”. Husema “almost never”, “almost nobody”, “almost nothing”. “Nearly never” husikika kama kosa. Ni vivyo hivyo kwa “almost any” na “almost anything”. Kinyume chake, “nearly” hukubali kutanguliwa na “not” na “very”, na “almost” hukataa. “Not nearly enough” ni usemi wa kila siku wenye maana kwamba kitu hakitoshi hata kidogo. Hakuna anayesema “not almost enough”. Vilevile “very nearly” ipo, “very almost” haipo.

Tofauti nyingine iko kwenye aina ya ukaribu. “Nearly” hupenda vitu vinavyopimika: saa, umri, kilo, safari iliyobaki kidogo. “Almost” hupanuka zaidi hadi kwenye mfanano na hisia. Mtu anaweza kuwa “almost like a father” kwa mtoto asiyemzaa, au kusema “I almost wish” kuhusu jambo ambalo hathubutu kulitamani moja kwa moja. Hapo hakuna namba inayohesabiwa, na “nearly” haifai. Kwa jumla Wamarekani hutumia “nearly” kidogo kuliko Waingereza.

Mahali neno linapowekwa kwenye sentensi nako kuna uzito wake. “I spent almost all my money” humaanisha fedha zilitumika zikabaki kidogo. “I almost spent all my money” kwa kawaida hueleweka kwamba msemaji alikaribia kuzitumia zote, kisha kitu kikamzuia. Huenda hata shilingi moja haikutoka. “Almost” hufanya kazi juu ya kile kinachokuja mara baada yake. Likitangulia “all”, hupunguza kiasi. Likitangulia “spent”, hutilia shaka tendo lenyewe.

Makadirio yenye bei

Katika biashara ya kimataifa, swali la “kiasi gani hasa?” haliwezi kuachiwa sikio la msemaji. Mfanyabiashara wa kahawa anapouza mzigo ng'ambo, mara nyingi hulipwa kwa LC, hati ambayo benki ya mnunuzi huahidi kumlipa muuzaji mara atakapowasilisha nyaraka za mzigo zilizo sahihi. Hati hizo kwa kawaida hufuata kanuni za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao yake Paris, ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 1, 2007. Kifungu cha 30 kinasema kwamba maneno “about” na “approximately”, yakiambatanishwa na thamani ya hati, kiasi cha mzigo au bei ya kipimo kimoja, yanaruhusu tofauti isiyozidi asilimia 10 juu au asilimia 10 chini.

Maana yake ni nzito. Hati ya “about” dola 100,000 huweza kulipwa kati ya dola 90,000 na 110,000. Lakini ruhusa hiyo huhusu tu kitu ambacho neno limeambatanishwa nacho. Ikiandikwa “about” mbele ya tani na isiandikwe mbele ya dola, muuzaji anaweza kupakia tani zaidi na bado akalipwa kiasi kilekile cha fedha. Kanuni ya sarufi kuhusu neno kugusa kinacholifuata imegeuka kuwa kanuni ya malipo.

Tarehe nazo zimepewa kipimo. Kifungu cha 3 cha kanuni hizo kinatafsiri “on or about” kuwa kipindi cha kuanzia siku 5 kabla ya tarehe iliyotajwa hadi siku 5 baada yake, siku za mwanzo na mwisho zikihesabiwa. Mzigo ulioahidiwa kupakiwa “on or about” Machi 15 una nafasi tangu Machi 10 hadi Machi 20. Msafirishaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayetia saini hati ya namna hiyo amenunua siku 11, awe anajua au hajui.

Mahakamani neno hilohilo limewahi kuangusha madai ya hataza. Mwaka 1991, katika kesi kati ya kampuni za Amgen na Chugai, mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliangalia hataza iliyohusu erithropoietini, homoni inayochochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Baadhi ya madai ya hataza hiyo, iliyokuwa ya upande wa Chugai, yalitaja nguvu ya dawa kuwa “at least about 160,000”. “At least” huweka sakafu: si chini ya hapa. “About” huilegeza sakafu hiyohiyo. Mshindani anayetengeneza dawa ya nguvu ya chini kidogo angejuaje kama amevunja sheria au la? Mahakama iliona hakuna kitu katika maelezo ya hataza kinachoonyesha “about” inafika wapi, ikayabatilisha madai hayo kwa kukosa uwazi. Majaji waliongeza tahadhari kwamba hawakulipiga neno marufuku katika hataza zote. Hapo tu ndipo liliposhindwa kujieleza.

Watu wa ujasusi walilifikia tatizo hilo kwa njia yao. Mwaka 1951 shirika la CIA lilitoa tathmini kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa “serious possibility”. Sherman Kent, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, alikuwa akifikiria uwezekano wa 65 kwa 35. Alipowauliza wenzake walioshiriki kuiandika, majibu yao yalitofautiana kuanzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wamekubaliana juu ya maneno pasipo kukubaliana juu ya maana. Katika makala aliyoiandika mwaka 1964, Kent alipendekeza kila neno lipewe namba yake. “Almost certain” aliipa asilimia 93, kwa tofauti ya takriban 6 juu au chini, na “almost certainly not” asilimia 7, kwa tofauti ya takriban 5.

Pendekezo hilo halikukubaliwa upesi na wenzake, ila leo wazo lake limeenea. Mwongozo wa mashirika ya ujasusi ya Marekani wa mwaka 2015 huweka “almost certain” kati ya asilimia 95 na 99. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, nalo lina ngazi zake: “likely” ni kuanzia asilimia 66, “very likely” kuanzia 90, na “virtually certain” kuanzia 99. Mtafsiri anayeigeuza ripoti ya IPCC kwa Kiswahili na kuandika “huenda” kwa “very likely” ameishusha kauli ya wanasayansi kwa ngazi kadhaa, na mkulima anayeisoma hatajua kwamba wao walikuwa na uhakika wa asilimia 90 au zaidi.

Wanahisabati wamekwenda mbali kuliko wote. Kwao “almost all” si ulegevu, ni istilahi yenye masharti makali. Katika namba 100 za mwanzo kuna namba tasa 25. Katika 1,000 za mwanzo kuna 168. Katika 1,000,000 za mwanzo kuna 78,498. Sehemu yao ni robo, kisha chini ya asilimia 17, kisha chini ya asilimia 8, na huendelea kupungua kuielekea sifuri kadiri hesabu inavyopanda. Kwa hiyo mwanahisabati husema, na kuthibitisha, kwamba “almost all” ya namba za kuhesabia si tasa, ingawa namba tasa zenyewe hazina mwisho. Mwaka 2019 Terence Tao, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa zama hizi, alitoa matokeo kuhusu kitendawili cha Collatz cha mwaka 1937 ambacho hakijateguliwa, na kichwa cha makala yake kilikuwa na neno “almost” mara mbili. Yote mawili yalikuwa na maana iliyofafanuliwa barabara, na umbali kati ya “almost all” ya Tao na “all” ni sehemu ya umbali uliobaki kati ya makala hiyo na jibu kamili.

Kiswahili kinapolipokea

Kiswahili hakina neno moja linalolingana na “almost” kila mahali, na hilo si upungufu. Kimeigawa kazi yake kwa maneno kadhaa, na mgawanyo huo una faida.

Kwa tukio lililokaribia kutokea lisitokee, kuna “nusura” na “almanusura”, yakifuatwa na kitenzi cha namna ya kutaka: nusura aanguke, almanusura wagongwe. Kuna pia “kidogo”, kama katika “kidogo azame”, na “chupuchupu”. Anayesikia “nusura” hana haja ya kukisia kama Sadock alivyodai kwa Kiingereza. Anajua tangu mwanzo kwamba jambo halikutokea. Kwa hali inayoelekea kutokea wasemaji hutumia kitenzi “taka”: mvua inataka kunyesha, ukuta unataka kuanguka.

Kwa kiasi, kuna “karibu”, “takriban”, “kama”, “kiasi cha”, “hivi” na “yapata”. Hili la mwisho lina pendeleo lake, maana hupenda saa na miaka: yapata saa tisa, yapata miaka kumi. “Kama” na “hivi” husikika zaidi katika mazungumzo, na mara nyingi huja pamoja: “kama watu ishirini hivi”. Msemo huo una ulegevu wa pande zote mbili, sawa na “about”.

Ugumu uko kwa “karibu”. Katika “karibu watu 100”, msikilizaji mmoja huelewa chini kidogo ya 100, mwingine huelewa 100 kwa kukadiria. Mwandishi anayetaka kubaki na upande wa “almost” ana njia bora: “watu wanaokaribia 100”. Kitenzi “karibia” kina mwendo ndani yake, na anayekaribia bado hajafika. Kwa upande wa juu kuna “zaidi kidogo ya 100”, na kwa pande zote mbili “takriban 100” inatosha.

“Almost” za kukanusha huhitaji kugeuzwa kabisa. “Almost nobody came” ikitafsiriwa “karibu hakuna mtu aliyekuja” hubaki na mifupa ya Kiingereza. Kiswahili kina “waliokuja ni wachache mno”, au “waliokuja ni wa kuhesabika”. “Almost never” ni “ni nadra sana”, “almost always” ni “takriban kila mara”, na “not nearly enough” ni “hakitoshi hata kidogo” au “kinapungua mno”.

Wanaolipa gharama ya uzembe katika jambo hili ni wasomaji wa habari za maafa. Vyombo vya habari vya Kiswahili, kuanzia redio za mikoani hadi idhaa za Ulaya, hupokea taarifa nyingi kwa Kiingereza kutoka mashirika ya habari. Chukua mfano wa kubuni wa tetemeko: siku ya kwanza taarifa inasema “nearly 2,000” wamefariki, siku ya pili “about 2,000”, siku ya tatu “more than 2,000”. Shirika limefanya kazi yake: hesabu ilikuwa chini ya 2,000, kisha ikayumba hapohapo, kisha ikapita. Mtafsiri akiandika “takriban 2,000” siku zote tatu, msikilizaji wa Kigoma au Bujumbura atadhani hakuna maiti iliyoongezeka. Akiandika “wanaokaribia 2,000”, kisha “takriban 2,000”, kisha “zaidi ya 2,000”, msikilizaji huyo atajua kwamba watu bado wanatolewa chini ya vifusi, na kwamba kama ana ndugu huko, simu anayopaswa kupiga ni ya leo.